Michango Yenye Majina

Jumatatu moja ya mvua za vuli, Rukaiya Salehe alining'iniza mwavuli wake nyuma ya mlango wa ofisi, akamimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa, akafungua kompyuta. Kushoto mwa kioo aliweka orodha ya michango iliyotolewa kupitia tovuti ya shirika. Kulia aliweka taarifa ya benki. Kazi yake ya kila Jumatatu ilikuwa kuhakikisha pande hizo mbili zinasema neno moja, na tangu mwezi wa tisa zilikuwa hazisemi.

Shirika lenyewe liliitwa Koti na Buti. Lilikuwa ghorofani, juu ya duka la saruji na mabati katikati ya mji wa Moshi, na kazi yake ilikuwa kuwaazima nguo za baridi wapagazi wanaobeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, ambao mjini huitwa wagumu. Mgumu aliyepata safari alikuja, akachukua koti na buti, akishuka akarudisha. Wageni nao wakishafika makwao, midomo ingali imebabuka kwa jua la kileleni, walituma michango kwa kadi.

Rukaiya alikuwa mhasibu hapo kwa mwaka wa pili. Aliomba kazi hiyo baada ya mdogo wake, Anwar, kufa kwa baridi mlimani. Anwar alikuwa amebeba hema ambamo wageni wangekula chakula cha jioni. Alifika kambi ya juu chini ya mvua ya barafu, amevaa raba na koti la mvua la kuazima, na asubuhi hakuamka. Mwenye kampuni iliyomchukua, Mama Mektrida, alikuja mwenyewe msibani na mchele na rambirambi, akalia kwa uchungu wa kweli. Mama Mektrida huyo huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya Koti na Buti. Rukaiya aliona kwamba kama kuna ofisi inayonunua makoti, ni vizuri ndani yake awepo mtu wa kuangalia kama fedha za makoti zinafika.

Sasa zilikuwa hazifiki. Si zote, na hilo ndilo lililomsumbua. Mwanzoni alidhani ni makato ya kampuni inayopitisha malipo ya kadi. Kisha akadhani ni kubadilisha fedha, au kwamba michango mingi imefungwa pamoja ikaingia benki kama kitu kimoja. Alifungua kila furushi, akakokotoa kila makato, na bado kuna michango ambayo kwenye tovuti ilikuwa imekamilika na benki haijawahi kuisikia. Alimpigia fundi wa tovuti aliyekuwa Arusha.

"Dada, kwangu kila kitu kiko kijani," alisema fundi. "Hela imeshatoka huko."

"Imetoka, sawa. Imekwenda wapi?"

"Hapo ndipo sijui."

Siku hiyo kulikuwa na barua pepe kutoka kwa mama mmoja aliyeitwa Margit, mwalimu mstaafu wa nchi fulani ya kaskazini ambako, aliandika, theluji ilikuwa imeshaziba mlango wa banda lake la kuku. Alisema alituma mchango kwa ajili ya Sifael, aliyembebea begi na kumfulia soksi. Benki yake ilithibitisha kwamba fedha imeondoka. Aliuliza kama imefika, kwa sababu hajapata risiti, na kwa sababu Sifael alikuwa akitetemeka wakati anampa mkono wa kwaheri.

Rukaiya alimjibu kwamba anafuatilia.

Jumatano Sifael mwenyewe alikuja ofisini. Alikuwa kijana wa Mwika, mrefu, mwenye masikio yaliyobabuka ngozi kama watu wote wa kazi ile, na chini ya kwapa alishika koti la shirika lililokunjwa vizuri. Nje mvua ilikuwa inanyesha, naye alikuwa amevaa fulana.

"Habari za asubuhi, dada Rukaiya. Nimeleta koti."

"Nzuri. Mbona unarudisha na Jumatatu unapanda?"

"Napanda. Mpe mwingine hilo, mimi siku hizi sisikii baridi."

Alivuta kiti akaketi. Chai ya Rukaiya, iliyokuwa imepoa tangu saa nne, ilianza kutoa mvuke. Bahasha zilizokuwa mezani zilijifungua moja moja, gundi imelainika. Mkurugenzi, Bwana Wenseslaus, alitoka chumbani kwake akivua suti, akatazama dirishani akaona mvua, akarudi ndani akiwa ameiweka mkononi.

"Tangu lini?" Rukaiya aliuliza.

"Kama mwezi hivi. Ilikuwa jioni, nakamua ng'ombe. Joto likaja upande wa mgongoni, kama mtu amekuja kukaa karibu. Nikageuka, hakuna mtu. Basi limebaki." Alikuna shingo. "Mama anasema uje nyumbani uone. Kinachomkosesha usingizi ni kwamba hajui amshukuru nani."

Rukaiya aliitafuta kwenye orodha siku ambayo Margit alituma mchango wake. Ilikuwa mwezi mmoja nyuma, jioni, saa za kukamua.

Jumamosi alikwenda. Alipita Himo, akapanda kuelekea juu, na sokoni Mwika alichukua bodaboda iliyompeleka kwenye kijia chembamba kati ya migomba na kahawa. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye majani. Kote njiani aliona kahawa iliyoharibika: vuli ilikuwa imewahi, na watu walikuwa wamefunika vichanja kwa mifuko ya plastiki bila kusaidia kitu, punje zimeota ukungu mweupe.

Kihamba cha kina Sifael, shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, kilikuwa mwisho wa kijia. Ng'ombe alikuwa amejiegemeza kwenye ukuta wa nyumba, macho amefumba. Ndani, sebule nzima ilikuwa imetandikwa mikeka, na juu ya mikeka kahawa ilikuwa inakauka, ya kwao upande mmoja na ya majirani upande mwingine, zimetenganishwa kwa vijiti. Kwenye kochi alilala mtoto mchanga wa jirani aliyekuwa na kifua kibaya. Mama wa mtoto huyo alikuwa akifuma sweta ambalo hakuna mtu chumbani humo angelihitaji. Kuku mmoja alikuwa ameacha mayai yake pembeni ya kabati yajiangue yenyewe, akaenda zake nje kuchakura.

Joto lilikuwa la Sifael. Akiondoka kwenda mlimani, kuta zililitunza mpaka arudi.

"Shikamoo mama," Rukaiya alisema.

"Marahaba mwanangu, karibu." Mama Elinipendo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kitenge cha umoja wa wanawake wa usharika wake na mikono iliyojaa harufu ya kahawa. Alimwekea mgeni bakuli. "Hicho ni kiburu, ndizi na maharage tu. Hakina nyama. Kula bila wasiwasi."

Rukaiya alikula. Mama Elinipendo alisubiri amalize, kisha akasogeza kigoda.

"Sifael ananiambia wewe ndiye unayeandika fedha za wageni."

"Ndiyo mama."

"Basi utakuwa na jina. Nilipeleka shukrani kanisani, mayai na mkungu wa ndizi. Mchungaji akaniuliza, tunamwombea nani? Nikasema sijui. Nilisimama pale mbele kama mtu aliyeokota kitu. Siwezi kuendelea kula kheri ya mtu nisiyemjua."

Rukaiya alitoa simu, akamsomea barua ya Margit, sentensi moja baada ya nyingine, akiigeuza kwa Kiswahili. Alipofika kwenye soksi, Sifael alitazama chini. Alipofika kwenye kutetemeka, mama yake alimtazama Sifael.

"Magreti," alisema Mama Elinipendo.

"Margit."

"Anafanya kazi gani?"

"Alikuwa mwalimu. Sasa amestaafu, anafuga kuku."

"Kumbe ni mtu tu kama sisi." Alipekua kahawa kwa mkono. "Na kwake kuna baridi?"

"Theluji imemzibia mlango wa banda."

"Na bado akamtumia mwanangu joto." Aliinuka akaenda uani, akarudi na mkungu wa ndizi mshare, akausimamisha karibu na mlango. Jumapili baada ya ibada mkungu ule ulinadiwa nje ya kanisa pamoja na kuku na mayai ya watu wengine, mzee wa kanisa akitangaza kwamba ni shukrani kwa ajili ya mwalimu Magreti wa ng'ambo, na watu walipandisha bei mpaka mkungu ukauzwa kwa bei ya mbuzi.

Jumamosi hiyo, Rukaiya alipoondoka, Sifael alimsindikiza hadi penye bodaboda.

"Huko juu unalalaje?" Rukaiya alimuuliza.

"Nalala katikati. Wenzangu wanajipanga kunizunguka kama kuni. Wa karibu wanajifunua, wa pembeni bado wanagonga meno. Tunapokezana." Alipangusa maji usoni. "Hema ni dogo, dada, na watu ni wengi."

"Wao hawajatumiwa?"

"Nani awatumie? Wageni hawajui majina yetu. Mwingine anakaa na sisi wiki nzima, wote anatuita rafiki. Margit aliniuliza jina langu siku ya kwanza, akaliandika kwenye kiganja."

Jumatatu Rukaiya aliirudia orodha yake, safari hii akisoma kisanduku cha ujumbe ambacho hakuwahi kukisoma kwa sababu hakikuwa na tarakimu. Michango iliyofika benki ilikuwa imeandikwa *asante*, au *mlima mzuri*, au haikuandikwa kitu. Iliyopotea yote ilikuwa na jina la mtu. Kwa Sifael. Kwa Filemon mpishi. Kwa Elifuraha aliyetuimbia. Alimpigia Filemon simu. Filemon alisema ni kweli, ana joto tangu mwezi wa kumi, amekwenda hospitali mara mbili wakampima malaria wasiione, na sasa mke wake anaanikia nguo za watoto mgongoni kwake.

Mhasibu hakubali jambo kabla hajalijaribu. Rukaiya alichukua kadi yake mwenyewe, akatuma mchango mdogo bila ujumbe. Ulifika. Alituma mwingine, akaandika *hongereni*. Nao ulifika. Akatuma wa tatu, na mahali pa ujumbe palihitaji jina la mgumu. Vidole vyake viliandika *kwa Anwar*.

Tovuti ilisema imekamilika. Alisubiri siku ambazo benki huhitaji, akaongeza nyingine. Mchango wa tatu haukufika. Aliandika matokeo ya majaribio yake kwa utaratibu, akayachapa, na jioni hiyo alirudi nyumbani kwa njia ya mbali ili asipite karibu na makaburi.

Bodi ilikutana wiki iliyofuata. Bwana Wenseslaus alieleza kwamba tatizo limepatikana na dawa yake ni rahisi: kisanduku cha ujumbe kiondolewe, fedha zote ziingie kwenye vitabu kama zamani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kodi ya ofisi, gari la kutengeneza, na semina ya hali za wapagazi iliyokuwa imeshalipiwa ukumbi hotelini. Makoti yalikuwa kwenye mpango wa mwakani. Yalikuwa kwenye mpango wa mwakani mwaka jana pia.

"Kikiondolewa," alisema Rukaiya, "Sifael atarudi kwenye baridi. Na Filemon. Wote."

Mama Mektrida alikuwa akisikiliza huku amefumba macho, kama afanyavyo kanisani. Aliyafumbua.

"Kwa hiyo hilo joto linawafikia kweli?"

"Linawafikia."

"Bila kupita hapa?"

"Halipiti hapa, mama."

"Basi kiacheni hicho kisanduku. Sisi ni nani hata tumzuilie mtu baraka yake?" Aliwatazama wote, na macho yake yalikuwa na unyevu. "Mungu ametuonea huruma. Na kwa kuwa vijana sasa wana joto, suala la makoti tulifute, tusinunue kitu mara mbili. Nitawaambia na wenzangu wenye makampuni."

Rukaiya alishika kalamu asiandike. "Na wale ambao hawatajwi?"

"Wajitahidi watajwe," alisema Mama Mektrida kwa upole. "Wachangamke na wageni. Kutabasamu hakuna gharama."

Ikapitishwa. Mkaguzi wa hesabu alipokuja alitaka ushahidi wa michango ambayo haikuingia benki, akaletewa Sifael, akasimama naye chumbani. Mkaguzi alilegeza tai, akauliza kama joto limepokelewa na mlengwa moja kwa moja, Sifael akasema limepokelewa, mkaguzi akasaini.

Rukaiya aliomba jambo moja, akakubaliwa: kwenye ukurasa wa michango yawekwe majina ya wagumu wote waliosajiliwa, ili hata mgeni ambaye hakuuliza aweze kuchagua. Yakawekwa. Wageni wakachagua majina mepesi kutamka. Kina John na Peter walipata joto kuliko walivyohitaji, wakawa wanalala nje ya hema kwenye mawe, theluji ikiyeyuka kuwazunguka. Kina Ndetaramo na Aminirabi waliendelea kujipanga pembeni ya Sifael. Makampuni nayo, kwa furaha, yaliandika kwenye vipeperushi vyao kwamba wapagazi wao wana joto la asili.

Hata hivyo watu walishukuru, na walikuwa na cha kushukuru. Kifua cha yule mtoto mchanga kilifunguka. Kahawa ya kijia kizima ilifika mnadani ikiwa kavu, na Mama Elinipendo alimtumia Rukaiya ndizi, parachichi na chupa ya maziwa kwa gari la kila Jumanne. Rukaiya alimwandikia Margit kwamba mchango wake umefika, akamweleza ulivyofika, na kwamba kanisa la mtaani kwa Sifael linamtaja kwa jina, japo kwa herufi tofauti kidogo. Margit alijibu siku hiyo hiyo. Aliuliza habari za ng'ombe.

Jioni moja ya Alhamisi Rukaiya alimkuta baba yake barazani akipiga pasi suruali ya mteja. Mzee Salehe alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, na alipiga pasi polepole, akisikiliza redio ndogo. Kila Ijumaa baada ya sala alikwenda makaburini peke yake.

"Kaburi la Anwar limepata joto," alisema.

Rukaiya aliweka mkoba chini. "Tangu lini, baba?"

"Kama wiki tatu. Mlinzi wa makaburi anasema paka hawabanduki pale. Anawafukuza kwa fagio, wanarudi." Aligeuza mguu wa suruali. "Niliogopa kukwambia, nikidhani utalia."

"Nilimtumia mchango. Nilikuwa najaribu kitu cha ofisini."

Mzee Salehe aliinua pasi, akaisimamisha wima ili isiunguze.

"Umefika," alisema.

Kesho yake walikwenda pamoja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na nyasi za makaburi yote zilikuwa zimelala kwa maji. Nyasi za kwa Anwar zilikuwa kavu. Paka wawili walisogea kuwapisha, wakarudi kulala upande wa miguu wa kaburi. Walisoma Fatiha. Rukaiya alipiga magoti akaweka kiganja juu ya udongo, na ulikuwa na joto la mtu aliyelala vizuri chini ya blanketi. Alilia, kama baba yake alivyotabiri, lakini alilia akicheka kidogo, kwa sababu Anwar utotoni alikuwa akimwibia blanketi.

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Salehe. Alivua kofia, akaketi chini, akaegemeza mgongo wake mbovu pale ambapo joto lilikuwa jingi zaidi. Walikaa muda mrefu. Mawingu yalifunguka upande wa kaskazini na mlima ukaonekana wote, mweupe hadi chini kuliko kawaida.

"Theluji mpya," alisema Rukaiya.

"Ndiyo." Mzee aliutazama. "Ni joto zuri hili. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na wewe nakushukuru." Alipapasa udongo, kama anayelainisha kitambaa kabla ya kukikata. "Lakini wangempa koti tu."

"Ndiyo, baba."

Barabarani, nje ya uzio, lilipita gari la kampuni ya Mama Mektrida likielekea geti la kupandia mlima, mizigo ya wageni imefungwa juu kwa turubai. Ndani yake wagumu walikuwa wamekaa wamebanana, wamejikunyata ndani ya fulana na makoti mepesi ya mvua. Mmoja alimpungia mkono mzee aliyekaa kaburini, na Mzee Salehe, ambaye hakumjua, akampungia.